H. pylori na kansa ya tumbo: kipimo cha damu hakiwezi kukuambia kama mdudu ametoka

Pole sana kwa msiba wa mama, dada.

Kwa wanaoingia sasa, swali lilikuwa hivi. Dada anakaa Kayole, ana miaka 34. Mama yake alifariki mwaka jana kwa kansa ya tumbo, nyumbani Meru. Yeye mwenyewe ana kiungulia cha muda mrefu na siku hizi anashiba kwa vijiko vichache. Kwenye kemisti alitobolewa kidole, akaambiwa ana H. pylori, bakteria wa tumboni ambaye wengi humwita mdudu, akapewa dawa za siku 7. Mwezi mmoja baadaye alitobolewa tena, bado yuko, akarudishiwa dawa zile zile siku 7. Kipimo cha tatu nacho kimesema yuko. Anauliza kama hii ndiyo kansa ya mama inamfuata, kwa nini mdudu hatoki, na kama watoto wake wawili wapimwe.

Nianze na hicho kipimo, maana ndicho kinachokunyima usingizi. Kile cha tone la damu hakimtafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwaunda siku ulipokutana na mdudu. Askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, kwa wengine miaka, hata kama mdudu alishakufa. Kwa hiyo huenda ile dozi ya kwanza ilimmaliza, ukanywa ya pili bure. Huenda pia hazikumgusa, maana siku 7 ni chache. Kipimo ulichofanyiwa hakiwezi kutofautisha hali hizo mbili, leo wala mwakani. Usikirudie tena. Pesa ya vile vitatu ingetosha kuchangia kipimo kinachosema ukweli.

Sasa kansa. Uhusiano upo na si uvumi wa mtandaoni. Barry Marshall na Robin Warren walimtambua bakteria huyu kule Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa kwa binadamu, kundi lile lile la moshi wa sigara. Kansa nyingi mno za sehemu ya kati na ya chini ya tumbo, karibu 9 kati ya 10, zinahusishwa naye. Kule Japani watu 1,526 walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka 8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Waliokuwa na mdudu walikuwa 1,246, na kati yao 36 walipata kansa ya tumbo. Wasiokuwa naye walikuwa 280, hakuna hata mmoja aliyepata.

Lakini geuza hesabu uisome upande wa pili pia. Karibu nusu ya watu duniani wamewahi kuwa na mdudu huyu, na kwetu Afrika wengi zaidi. Panda matatu ya Kayole iliyojaa, zaidi ya nusu ya abiria huenda wanaye na hawajui. Katika kila watu 100 wanaoishi naye, watakaopata kansa ya tumbo maishani ni kati ya 1 na 3. Vidonda hupata 10 hadi 20. Waliobaki huishi naye hadi uzeeni, wana uvimbe mdogo wa ukuta wa tumbo, yaani gastraitisi, ambao hawausikii kabisa. Kwa hiyo kuwa na H. pylori si kuwa na kansa, wala si kuandikiwa kansa.

Kinachokutofautisha wewe na abiria yule ni mama. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake amepata kansa ya tumbo ana hatari mara mbili hadi tatu ya mtu wa kawaida. Hapo ndipo dawa ina maana kubwa kuliko kutuliza kiungulia. Korea walifanya utafiti kwa watu wa hali yako hasa, wenye mdudu na wenye ndugu wa karibu aliyeugua. Nusu walipewa dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa miaka 9 hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliopewa dawa, kansa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Kisha wakaangalia jambo lingine, ambalo naona ndilo la kushika: wale ambao ilithibitishwa kwamba mdudu ametoka, waliougua walikuwa asilimia 0.8, ambao mdudu alibaki, asilimia 2.9. Tofauti haikuwa nani amemeza dawa. Ilikuwa ni kwa nani mdudu aliondoka kweli. Ndiyo maana nasisitiza uthibitisho kuliko dozi.

Inakuwaje bakteria anafikisha mtu kwenye kansa? Asidi ya tumbo huua vijidudu vingi, ila huyu ana kimeng'enya kinachoitwa yurease. Anaivunja yurea iliyo tumboni, inatoka amonia, na amonia inapunguza ukali wa asidi pale alipo yeye tu. Amejikunja kama skrubu na ana mikia, basi anapenya ule ute mzito unaofunika ukuta na kujibanza chini yake, mahali ambapo asidi haimfikii vizuri wala dawa nyingi hazifiki. Aina zingine zina protini iitwayo CagA, ambayo huingizwa ndani ya seli zetu kama kwa sindano, ikavuruga namna seli zinavyokua na kushikana. Aina hizo ndizo hatari zaidi. Mwili unatuma seli nyeupe kupigana, hazimfikii vilivyo, na silaha zao zinachoma ukuta wa tumbo wenyewe. Vita hivyo haviishi. Mara nyingi vilianza mtu akiwa mtoto wa miaka mitatu au minne.

Miaka 20, 30 ikipita, tezi zinazotoa asidi huanza kunyauka. Hatua inayofuata ni ukuta wa tumbo kubadilika na kufanana na wa utumbo. Kwenye ripoti utaona neno metaplasia. Kisha displasia, yaani seli zimeanza kwenda kombo. Mwisho kansa. Ngazi hii ilielezwa na Pelayo Correa, mtaalamu wa patholojia kutoka Colombia. Watu wengi husimama kwenye ngazi ya kwanza au ya pili maisha yao yote. Ukimtoa mdudu ukiwa ngazi za chini, ukuta una nafasi nzuri ya kupona. Ukimtoa tayari kuna metaplasia iliyoenea, hatari inapungua lakini haiishi, na itabidi uendelee kuangaliwa. Kwa miaka 34, uko kwenye umri ambao kumtoa kuna faida kubwa.

Kuna jambo huwachanganya wengi: jirani ana vidonda miaka kumi, kwa nini hajapata kansa? Inategemea mdudu amekaa wapi. Akikaa zaidi sehemu ya chini ya tumbo, asidi huongezeka, na mtu hupata kidonda kwenye duodeni, pale mwanzo wa utumbo mwembamba. Watu hao hatari yao ya kansa ya tumbo ni ndogo kuliko ya wengine wenye mdudu. Akisambaa hadi sehemu ya juu, zile tezi za asidi hunyauka, asidi inashuka, na hao ndio wenye hatari zaidi. Mtu wa aina hii ya pili mara nyingi hana kiungulia kikali. Kwa hiyo ukubwa wa maumivu haupimi hatari ya kansa, na maumivu kutulia hakumaanishi mambo ni salama. Kidonda kilicho ndani ya tumbo lenyewe ni hadithi nyingine: hicho lazima kikatwe vipande vya kupima na kuangaliwa tena kwa kamera baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu kansa changa inaweza kuonekana kama kidonda cha kawaida na hata kufunga kidogo kwa omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi.

Kazi yako ya kwanza wiki hii haigharimu kitu. Tafuta faili ya mama. Kule nyumbani watu husema "kansa ya tumbo" kwa kansa tatu tofauti: ya umio, ya mfuko wa tumbo, na hata ya ini. Umio pia unasumbua sana Kenya, na H. pylori si chanzo chake. Tafuta karatasi ya maabara ya patholojia, ile inayoeleza vipande vilivyokatwa, si ya scan pekee. Angalia vitu vitatu: ilikuwa sehemu gani ya tumbo, ilikuwa aina gani, na mama alikuwa na umri gani ilipogunduliwa. Kama imeandikwa aina iliyosambaa, au seli zenye umbo la pete, na kuna ndugu mwingine upande wa mama aliyepata kansa ya tumbo au ya matiti, mwambie daktari wa tumbo siku ya kwanza. Kuna kansa ya kurithi kupitia jeni la CDH1, ni nadra, lakini njia yake ya kushughulikiwa ni tofauti kabisa na kumtoa mdudu hakutoshi. Na kwa kuwa ukoo ni wa Meru, usiichukulie historia hiyo kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Eneo la kuzunguka Mlima Kenya limetajwa kwenye tafiti kwa miaka mingi kuwa na wagonjwa wengi wa kansa hii.

Kipimo. Kwa mtu mwingine wa miaka 34 mwenye kiungulia tu ningesema kipimo cha choo kinatosha. Kwako wewe, mama alikufa kwa ugonjwa huu na unashiba kwa vijiko vichache, ningeenda kwa endoskopi moja kwa moja, ile watu wanaita kamera ya tumbo. Hospitali kubwa za Nairobi, za umma na za binafsi, zinafanya. Ya umma uwe tayari kwa foleni, na uulize mapema SHA, yaani bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani na kama vipande vya maabara vimo ndani ya bei au vinalipiwa kando. Hilo la kando ndilo hukwamisha watu: kamera imelipwa, vipande vimekatwa, halafu chupa inakaa kwa sababu ada ya patholojia haikulipwa.

Wiki 2 kabla ya siku hiyo acha omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli na ndugu zao wote. Wiki 4 kabla uwe hujagusa antibayotiki yoyote wala bismuthi. Sababu ni hii: dawa hizi hazimuui mdudu zikiwa peke yake, ila humpunguza na kumsukuma apande juu, kwa hiyo kipande kikikatwa chini tu majibu yatasema hayupo. Kiungulia kikikubana katika wiki hizo mbili, tumia ile dawa ya maji ya kutuliza asidi yenye magnesiamu na alumini. Usile kitu saa 8 kabla, maji kidogo unaweza hadi saa 2 kabla. Watakupulizia ganzi kooni, na ukitaka watakuchoma sindano ya kukulegeza. Ukichomwa hiyo, njoo na mtu mzima wa kukurudisha. Usipande boda boda peke yako siku hiyo wala kuendesha gari. Kamera yenyewe ni dakika 5 hadi 10.

Kabla hujalala pale mezani, mwambie daktari kwa heshima: "Daktari, mama yangu alifariki kwa kansa ya tumbo, naomba vipande vya juu na vya chini, kwenye chupa tofauti." Utaratibu unaokubalika ni vipande visivyopungua 5: viwili sehemu ya chini, kimoja kwenye kona ya tumbo, viwili sehemu ya juu. Pale wanapoharakisha hukatwa kimoja, kinatiwa kwenye kile kipimo cha haraka kinachobadilika rangi, basi. Hicho kinajibu swali la mdudu tu. Hakikuambii kama tezi zimenyauka wala kama kuna metaplasia, na kwako hilo ndilo swali kubwa zaidi. Ripoti ikirudi imeandikwa "gastraitisi sugu" bila neno lolote juu ya kunyauka, metaplasia au displasia, iwe zipo au hazipo, mwombe daktari aulize maabara. Vipande vinahifadhiwa, vinaweza kusomwa tena.

Kwa wengine mnaosoma hapa ambao hamna historia ya kansa nyumbani wala dalili za hatari: kipimo cha choo cha antijeni, yaani kinachotafuta chembe za mdudu mwenyewe, kinatosha, hasa kile cha maabara kuliko kile cha kidude cha dakika kumi. Masharti ya wiki 2 na wiki 4 ni yale yale. Choo kiwe cha siku hiyo, kiasi cha punje ya harage, kisichanganyike na mkojo wala maji ya msala, na kifike maabara mapema. Ukishindwa kiweke kwenye friji, usikizungushe kwenye mkoba tangu alfajiri hadi jioni. Choo cha kuharisha kinaharibu usahihi. Kipimo cha pumzi pia ni kizuri sana, unapuliza kwenye mfuko, unakunywa yurea, unapuliza tena baada ya dakika 20 hadi 30, ila hakipo kila mahali.

Tuje kwa dawa. Kwenye kemisti nyingi unachouziwa ni pakiti ya dawa tatu: omeprazoli, klarithromisini na amoksisilini, au klarithromisini na metronidazoli. Bakteria wamezidi kuizoea klarithromisini, hadi mwaka 2017 WHO ikamweka H. pylori sugu kwa dawa hiyo kwenye orodha ya vijidudu vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Na metronidazoli, yaani Flagyl, sisi tunaimeza kila tumbo likiharisha, nusu dozi leo, nusu dozi mwezi ujao, kwa hiyo mdudu wa tumboni amekutana nayo mara nyingi kabla hajatibiwa. Kosa kubwa lililofanyika kwako ni kurudia klarithromisini ile ile. Ikishindwa mara moja, dozi ya pili isiwe nayo. Amoksisilini na tetrasaiklini zinaweza kurudiwa, usugu wake ni nadra.

Tiba ambayo miongozo mingi sasa inaiweka mbele, na inayokufaa wewe kama vipande vitaonyesha mdudu bado yuko, ni ya dawa nne kwa siku 14. Omeprazoli mg 20 hadi 40 mara mbili. Bismuthi, ile ya sitreti, mg 120 mara nne. Tetrasaiklini mg 500 mara nne. Metronidazoli jumla ya mg 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Kwa kuwa vidonge vyetu vingi ni vya mg 400, huwa kimoja mara nne. Hata kama mdudu ana usugu kiasi kwa metronidazoli, dozi hii kubwa kwa siku 14 pamoja na bismuthi mara nyingi inaushinda. Kama tetrasaiklini uliyopata ni ya mg 250, dawa zote nne kwa jumla ni vidonge 18 kwa siku. Ni vingi, najua. Daktari ndiye atakayeandika. Nakuwekea hapa ili uitambue dozi pungufu ukiiona. Bismuthi na tetrasaiklini hazipatikani kila kemisti, kwa hiyo piga simu kadhaa na uhakikishe una dawa zote nne za siku zote 14 mkononi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Wakikuambia doksisaiklini ni sawa na tetrasaiklini, kwa kazi hii si sawa.

Omeprazoli na bismuthi meza saa 12 asubuhi kwa maji, nusu saa kabla ya kula. Ukishakula, tetrasaiklini na metronidazoli. Na hapa chai yetu inaharibu mambo. Maziwa yanaikamata tetrasaiklini tumboni isifanye kazi, kwa hiyo kwa siku 14 kunywa chai ya rangi wakati wa dawa, maziwa yasogee saa 2 mbali. Vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma na dawa ya asidi. Rudia zile tatu bila omeprazoli saa 7 mchana, saa 1 jioni ukiongeza omeprazoli, na kabla ya kulala zile tatu tena. Tetrasaiklini ya usiku imeze kwa glasi nzima ya maji na ukae wima nusu saa. Ikikwama kwenye umio inachoma kidonda. Pombe iache hadi siku 3 baada ya kumaliza.

Choo kitakuwa cheusi kama mkaa na ulimi pia. Ni bismuthi, usiogope. Cheusi cha kutisha ni kile kinachonata kama lami na kunuka vibaya, hasa ukisikia kizunguzungu. Mkojo utakuwa mweusi kidogo, mdomo utakuwa na ladha ya chuma. Wengi huacha siku ya 5 kwa sababu ya ladha na kichefuchefu. Ukiacha hapo unabakiza wale wadudu wagumu, na hao ndio watakaozaana. Mwambie daktari kabla hujaanza kama una mimba au unashuku, maana tetrasaiklini haifai na matibabu huweza kusubiri hadi ujifungue. Amoksisilini isiandikwe kwa mwenye mzio wa penisilini. Klarithromisini inagongana na dawa za kolesteroli kama simvastatini na za kupunguza kuganda kwa damu. Anayetumia TLD, kidonge cha ARV chenye dolutegraviri, ajue kwamba dawa ya asidi ya magnesiamu na alumini inazuia dolutegraviri isiingie mwilini: TLD imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Na ukiambiwa utumie levofloksasini huku una kikohozi cha wiki mbili au jasho la usiku, pima TB kwanza. Dawa hiyo inaweza kuituliza TB kwa muda ikafichika.

Ukimaliza, kuna uthibitisho, na hapa ndipo karibu kila mtu anaacha. Ukimeza cha mwisho Machi 14, usipime kabla ya Aprili 11, na omeprazoli uwe umeiacha kufikia Machi 28. Choo au pumzi, kamwe si damu. Kupima wiki moja baada ya dawa kunakuambia mdudu hayupo wakati amepungua tu na atarudi. Kama bado yuko baada ya tiba ya dawa nne iliyomezwa vizuri, mwombe daktari habari ya kuotesha mdudu maabara na kupima usugu kabla ya kujaribu tena.

Mdudu akitoka na vipande vilionyesha gastraitisi tu, huhitaji kamera kila mwaka. Vikionyesha metaplasia iliyoenea, kwa historia ya mama, ungefuatiliwa kwa kamera kila mwaka 1 hadi 2. Ya sehemu ndogo, daktari ataamua akiangalia yote pamoja.

Watoto: usiwapime sasa kama hawana dalili. Miongozo ya watoto haishauri kumpima na kumtibu mtoto asiye na tatizo. Tetrasaiklini haipewi walio chini ya miaka 8, na dozi iliyoshindwa utotoni inaweza kumwachia mdudu sugu. Mdudu huambukizwa zaidi utotoni, ndani ya nyumba, kupitia mate, matapishi na uchafu wa choo. Kwa hiyo usimtafunie mtoto chakula, nawa mikono kwa sabuni baada ya msala, chemsha au tibu maji ya mtungi na ya tangi, osha jerikani kwa sabuni mara kwa mara. Mume na watu wazima wengine mnaokaa nyumba moja wapime choo, na atakayeonekana naye atibiwe. Ndugu zako wa tumbo moja wote wapimwe, wasingoje kuumwa. Mama yenu ni mmoja.

Ulitaja juisi ya kabeji na mwarobaini. Kuna anayetulia nazo, lakini hazimtoi mdudu, na ukituliwa utaahirisha kamera. Pilipili haileti kansa hii. Chumvi nyingi, vyakula vilivyokaushwa kwa chumvi na sigara vinaongeza hatari. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua kila mgongo ukiuma ziache kabisa kwa sasa: zikikutana na mdudu huyu kidonda kinatoka damu.

Usingoje foleni wala zile wiki 2 za kuacha dawa ukiona haya: kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo cha lami, chakula kukwama kikishuka, kutapika kila ukila, nguo kulegea bila kujinyima, kupauka na kuishiwa pumzi ukipanda ngazi, uvimbe juu ya kitovu au tezi ngumu juu ya mtulinga wa kushoto, pale chini ya shingo. Hayo ni ya kwenda hospitali siku hiyo. Kushiba upesi ulikotaja, kama kunazidi wiki hadi wiki, mwambie atakayekupangia tarehe, akusogeze mbele.

Ukipata karatasi ya patholojia ya mama, funika jina na namba ya faili, uandike hapa maneno yaliyo kwenye sehemu ya majibu kama yalivyo. Nitakueleza kila neno lina maana gani kabla hujaenda kliniki.